"Limewashinda": Maana ya I'jazi katika Tarjuma za Kiswahili za Qurani, na Yanayowahusu Wapanga Istilahi

Utangulizi

Katika darsa za misikitini hapa Bujumbura, hasa mtaani Buyenzi, Qurani husikika kwa lugha tatu ndani ya saa moja. Aya husomwa kwa Kiarabu, sheikh huieleza kwa Kiswahili, na swali la msikilizaji huja mara nyingi kwa Kirundi, au kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi. Katika darsa moja la aina hiyo nilimsikia kijana akiuliza: "Ikiwa Qurani haina mfano wake, sheikh, hiki unachotusomea kwa Kiswahili ni nini?" Akajibiwa kwamba ile ni Qurani na hii ni maana yake tu. Jibu hilo ni sahihi, na wanavyuoni wengi wangelitoa vivyo hivyo. Kilichonisumbua ni ile "tu".

Neno hilo dogo limefanya kazi kubwa kuliko haki yake katika uhakiki wetu. Kwa upande mmoja, limewapa wasomi wa Kiislamu ruhusa ya kutozihakiki tarjuma kama matini za Kiswahili: kwa kuwa hakuna tarjuma inayoweza kulingana na asili, kuna haja gani ya kuuliza ipi imeandikwa vizuri na kwa nini? Kwa upande mwingine, limewapa watu wa sera hoja ya bei rahisi. Nimeisikia zaidi ya mara moja katika vikao vya lugha vya kanda hii: hata Qurani, wasema, imekubaliwa kwamba haitafsiriki kwa Kiswahili, basi sheria na sayansi je? Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimeikosea dhana ya i'jazi. Ikisomwa kama walivyoiandika waasisi wake, haimwondolei mfasiri wajibu wowote bali humzidishia, na haisemi lolote kuhusu upungufu wa lugha pokezi.

Mzizi mmoja, maneno matatu

Mzizi wa Kiarabu wenye herufi ain, jim na zai una maana ya kukosa uwezo, kushindwa, kuachwa nyuma. Kiswahili kimeupokea walau mara tatu, na kila mara umeingia kwa mlango tofauti. Tunalo neno ajizi, yaani ulegevu na uvivu, ambalo kila mtoto hulijua kwa methali ya ajizi nyumba ya njaa. Tunalo ajuza, kikongwe aliyeishiwa nguvu. Na tunalo muujiza. Msemaji wa kawaida haoni udugu wowote kati ya maneno haya, wala hapaswi kuuona. Lakini mtafiti anayetaka kujua i'jazi ni nini hana budi kuanzia hapo. I'jazi ni jina-tendo la kitenzi cha kusababisha: ni kumfanya mwingine awe hana uwezo.

Ifahamike pia kwamba Qurani yenyewe haitumii neno muujiza kwa ishara za mitume, hutumia aya. Wala nomino i'jazi haimo ndani yake. Istilahi hizi ni kazi ya wanateolojia wa karne ya tatu na ya nne Hijria, waliotaka jina la jambo ambalo aya zenyewe hulieleza kwa kitendo. Kitendo hicho ni mwito wa kushindana, unaoitwa tahaddi. Wenye shaka wanaambiwa walete maneno kama haya (52:34), walete sura kumi (11:13), walete sura moja (10:38 na 2:23), na wanaambiwa kwamba hata watu na majini wakisaidiana hawatafika (17:88). Aliyelelewa na vitendawili anaujua mfumo huu kwa karibu. Anayeshindwa kutegua huombwa mji, naye hutoa mji, na kushindwa kwake huwa jambo la hadharani. Tofauti ni kwamba kitendawili kina jibu ambalo mtegaji analo mfukoni, na katika tahaddi hakuna jibu lililofichwa.

Nini kilichotokea kwa neno muujiza katika Kiswahili cha leo? Limehamia kwingine. Kupitia tafsiri za Biblia na mahubiri, muujiza kwanza ni uponyaji, na mabango ya mikutano ya injili katika barabara za Bujumbura hulitumia kwa maana hiyo bila kukosea. Lakini msomaji anayeambiwa "muujiza wa Qurani" hutazamia tukio la nje ya lugha: mgonjwa aliyepona, maandishi juu ya ganda la yai. Hoja nzima kuhusu mpangilio wa maneno humpita bila yeye kujua kwamba imempita.

Wenzetu kadhaa wamependekeza kutoigika au kutoigizika. Nayaheshimu mapendekezo hayo, ila yanabadilisha mtazamo. Kutoigika ni sifa ya matini, na matini huweza kuwa nayo hata ikiwa hakuna aliyewahi kujaribu. I'jazi inamhitaji mtu aliyeitwa, akasimama, akashindwa. Kiswahili kina njia ya kulisema hili ambayo ni ya kila siku hivi kwamba tumeacha kuiona: jambo hili limenishinda. Katika sentensi hiyo jambo ndilo kiima, mtu ndiye yambwa. Jambo halikupigana wala halikusogea, lakini limemshinda mtu kwa kuwa jinsi lilivyo. Sijui lugha nyingine ya jirani inayotafsiri maana ya a'jaza kwa kitenzi kimoja cha sokoni namna hii. Fundi husema injini imemshinda. Mwalimu husema mtoto amemshinda.

Kitenzi hiki kina faida nyingine: kinatenganisha nadharia ambazo vitabu vyetu huzichanganya. Al-Nazzam, Mu'tazila wa karne ya tatu Hijria, anahusishwa na rai iitwayo sarfa: kwamba Waarabu wangeweza kuleta mfano wa Qurani, ila Mungu aliwageuza wasifanye. Wengi waliomfuata waliikataa rai hiyo. Kwa Kiswahili tofauti iko wazi kabisa. Kwa al-Nazzam, wamezuiwa. Kwa al-Khattabi, al-Baqillani na al-Jurjani, limewashinda. Aliyezuiwa mlangoni hajashindwa na mlango.

Ijazi ngapi?

Hapa nawageukia watunga kamusi. Kiswahili sanifu hakiandiki ain, na kwa kawaida hatupotezi kitu. Katika uwanja huu tunapoteza. Kuna i'jazi, ninayoijadili. Kuna ijazi nyingine, isiyo na ain, ambayo katika elimu ya balagha ni ufupisho, yaani kusema mengi kwa maneno machache. Na kuna ijaza, idhini anayopewa mwanafunzi na mwalimu wake ya kusomesha kitabu, neno ambalo lipo hai katika vyuo vya pwani. Al-Rummani, aliyefariki mwaka 994, aliandika risala kuhusu i'jazi ambamo aligawa balagha katika vipengele kumi, na cha kwanza ni ufupisho. Tukifuata tahajia iliyozoeleka, tutalazimika kuwaandikia wanafunzi wetu kwamba sehemu ya kwanza ya ijazi ni ijazi. Nimewahi kusahihisha tasnifu iliyosema hivyo hasa, na mwandishi wake hakuwa na kosa. Kosa ni la tahajia tuliyompa.

Kwa hiyo ninatumia i'jazi yenye alama ya juu, ingawa najua wahariri hawaipendi.

Mfano wa nani?

Katika 2:23 mwito ni wa kuleta sura moja, na baada yake linafuata neno la Kiarabu lenye kiwakilishi ambacho wafasiri wamekisoma kwa njia mbili. Al-Tabari na al-Zamakhshari wote wawili wanazitaja. Kwa usomaji wa kwanza, ambao ndio wa wengi, kiwakilishi kinarudi kwenye kilichoteremshwa: sura inayofanana na Kitabu. Kwa wa pili, kinarudi kwa Mtume: sura itokayo kwa mtu kama yeye, asiyesoma wala kuandika. Tofauti si ndogo. Usomaji wa kwanza unaiweka i'jazi ndani ya matini, wa pili unaiweka katika uhusiano wa matini na aliyeileta.

Kiswahili kimebahatika hapa. Kimilikishi chetu hupatana na kinachomilikiwa, si na mmiliki, kwa hiyo "mfano wake" huweza kuwa mfano wa kitabu au mfano wa mtu. Mfasiri anayeandika sura ya mfano wake ameuacha mlango wazi kama ulivyo katika asili, labda bila kukusudia. Kirundi hakina nafasi hiyo. Kwa mtu kimilikishi huchukua -iwe, kwa igitabo huchukua -aco, na anayetafsiri kwa Kirundi lazima achague mbele ya hadhira yake. Kwa nchi ambayo Qurani hufafanuliwa kwa Kiswahili kisha ikasemwa upya kwa Kirundi kibarazani, uchaguzi huo hufanyika kila wiki, na wanaoufanya hawana habari kwamba wamechagua kati ya kauli mbili za wafasiri wakubwa.

Kichwa, moto na siafu

Kiini cha hoja yangu kiko kwa Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078 au karibu na hapo. Katika kitabu chake Dala'il al-i'jaz anakataa kwamba ubora wa maneno unakaa katika neno mojamoja au katika sauti yake. Neno zuri mahali hapa huwa baya mahali pale. Ubora uko katika nadhm, yaani namna maana za kisarufi zinavyofungamanishwa: kipi kimetangulizwa, kipi kimefanywa kiima, kipi kimeachwa bila kutajwa. I'jazi, kwa ufupi, ni suala la sintaksia.

Mfano wake maarufu unatoka katika dua ya nabii Zakaria (19:4), anapolalamikia uzee. Kichwa kinasemwa kuwa kimeshika moto, na mvi zinatajwa baada yake kama kibainishi. Wengi walisifu sitiari ya moto na wakaishia hapo. Al-Jurjani anasema hapana: sitiari ni nusu tu ya jambo. Zingesemwa mvi zimewaka kichwani, sitiari ingebaki ileile na uzuri ungetoweka. Nguvu inatokana na kukifanya kichwa kuwa kiima, kwa sababu muundo huo unaonyesha kuenea: weupe umekienea chote, hakikubaki kitu. Kisha anatoa ulinganisho wa nyumba na moto. Ukisema moto umewaka ndani ya nyumba, huenda umewaka pembeni tu. Ukisema nyumba imewaka moto, umeizunguka yote.

Msemaji wa Kiswahili akifika hapa huacha kusoma kwa mshangao, maana al-Jurjani anaeleza sarufi yetu. Nyumba imewaka moto si tafsiri ya Kiarabu, ndivyo tusemavyo. Bonde limejaa maji. Shamba limeota magugu. Siafu wameingia nyumbani ni habari ya msururu mmoja karibu na mlango wa jikoni, na mtu anaweza kuchukua majivu akaumaliza. Nyumba imeingia siafu ni habari ya kubeba watoto na kulala nje. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wameuandikia muundo huu kurasa nyingi, wakauita ugeuzaji wa kiima, lakini sijaona katika Kiswahili mtu aliyeuweka kando ya Dala'il, ingawa vitu viwili hivi vinatazamana kama mtu na kioo.

Na kwa mvi hasa tunasema kichwa kimeota mvi, kichwa kikiwa kiima. Ile sehemu ya nadhm ambayo al-Jurjani aliihesabu kuwa siri ya aya, Kiswahili kinayo bure. Kisichokuwa nacho kwa desturi ni moto: mvi kwetu huota kama majani, haziwaki. Mfasiri kwa hiyo hana tatizo la lugha isiyotosha. Ana uamuzi wa kufanya: aongeze moto katika muundo alio nao tayari, aseme kichwa kimewaka mvi na kumwachia msomaji mshtuko, au aupoze.

Ali Muhsin al-Barwani aliupoza. Katika tarjuma yake kitenzi ni kumeremeta, na mvi zinakuja baada ya kihusishi kwa. Alikiacha kichwa kuwa kiima, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini kumeremeta ni kwa nyota na mapambo, hakuna kinachoteketea. Na ile kwa inazigeuza mvi kuwa chombo cha kumeremetea, ilhali katika asili ndizo zilizokienea kichwa. Mzee anayelia kwamba ameteketea amekuwa mzee mwenye kichwa kizuri. Huu ni uhakiki wa tarjuma, na unawezekana. Haukuhitaji kumpima al-Barwani kwa Kiarabu kisichofikika. Ulihitaji kumpima kwa Kiswahili alichokuwa nacho.

Tarjuma zilizojibizana

Historia ya tarjuma kamili inajulikana, nami nitaipitia kwa haraka. Ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA Zanzibar, ilichapishwa London mwaka 1923. Ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya ilitoka Nairobi mwaka 1953. Ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilitoka kamili mwaka 1969. Ya al-Barwani, iliyofuata tafsiri ya Misri iitwayo al-Muntakhab, ni ya mwaka 1995. Farouk Topan ameonyesha jinsi mabishano ya kimadhehebu yalivyoathiri lugha ya tarjuma tatu za mwisho. Mubarak Ahmad alikuwa akimjibu Dale. Al-Farsy akawajibu wote wawili.

Nadhani kuna jambo zaidi ya mabishano. Katika Kiswahili mwito wa tahaddi ulihama. Mwarabu wa karne ya saba aliitwa alete mfano wa Qurani. Mfasiri wa Afrika Mashariki alijiona ameitwa alete kilicho bora kuliko cha mfasiri aliyemtangulia. Ndiyo maana dibaji na maelezo ya pambizoni yana ukali ambao hatuutazamii mahali hapo. Hili si aibu. Ushairi wetu umekua kwa kujibizana tangu zama za Muyaka, na hakuna sababu ya nathari ya kidini kukua kwa njia nyingine. Ila majibizano hayo yalikuwa ya itikadi. Waliulizana nani amepotosha maana ya kufa kwa Isa. Hawakuulizana nani amekifanya nini kiima.

Upungufu huo unashangaza zaidi tukikumbuka kwamba aliyeshiriki katika kazi ya 1953 alikuwa Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, pwani ya ziwa hilihili tulilo kando yake, ambaye mwaka uliofuata alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Hapakuwa na mtu aliyejua vina na mizani kumliko. Hata hivyo tarjuma ile ni nathari, na ninaamini alikuwa na haki. Katika Kiarabu miisho ya aya, fawasil, inasikika kwa sababu si kila neno lingeweza kukaa hapo. Katika Kiswahili vitenzi karibu vyote vya asili huishia kwa a. Kina cha irabu tupu hutokea hata katika tangazo la mnada. Anayedhani kwamba i'jazi imepotea katika tarjuma kwa sababu vina vimepotea, hajaangalia palipopotea kitu.

Muujiza wa kisayansi

Lazima niseme neno kuhusu mwelekeo unaopendwa zaidi katika mihadhara ya leo, unaotafuta i'jazi katika embriolojia, bahari na sayari, na ambao kitabu cha Maurice Bucaille cha mwaka 1976 kiliupa umaarufu. Al-Muntakhab yenyewe ina maelezo ya aina hiyo, na kupitia kwa al-Barwani yameingia katika Kiswahili. Siwahukumu wanaoyapenda. Nauliza swali la kimantiki tu. Ikiwa muujiza ni habari kuhusu kijusi, habari hiyo hutafsirika yote, bila kubakiza chochote, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Basi tarjuma nayo itakuwa muujiza kwa kiwango kilekile, na tofauti kati ya Qurani na maana yake itakuwa imefutwa na walewale wanaoitetea. Hawawezi kuwa na yote mawili.

Kutotosha kwa lugha

Nirudi kwa watu wa sera. Sheria ya lugha ya Burundi ya mwaka 2014 iliweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza katika nafasi rasmi. Kiswahili, licha ya uanachama wetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kinaendelea kutafuta mahali pake shuleni na ofisini. Katika mjadala huo, hoja ya kutotafsirika hutolewa kwa unyenyekevu wa kidini na hupokewa kama ushahidi wa kiisimu. Haiwezi kuwa ushahidi huo. Walioshindwa, kwa mujibu wa itikadi yenyewe, walikuwa Waarabu fasaha, wakiitwa kwa Kiarabu, kushindana na matini ya Kiarabu. Ikiwa kushindwa huko ni dalili ya lugha changa, basi lugha changa ya kwanza ni Kiarabu. Hakuna aliyewahi kusema hivyo.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya nchi wanachama nina ombi la kazi, nalo ni dogo. Istilahi za balagha zisanifishwe pamoja, si mojamoja, ili ijazi mbili na ijaza zisigongane tena. Tafsiri na tarjuma zitenganishwe katika vitabu vya shule: Dale aliiita kazi yake tafsiri, al-Barwani akaiita yake tarjama, na mwanafunzi wa Bujumbura anayekutana na maneno yote mawili hana pa kuulizia. Na mihtasari ya somo la tafsiri vyuoni iweke aya chache kwa tarjuma nne, sambamba, zisomwe kama Kiswahili.

Nilijaribu zoezi hilo kwa kundi dogo la wanafunzi, nikiwapa dua ya Zakaria na swali la kiima. Mmoja wao, Mkristo, aliyekulia kando ya ziwa upande wa Rumonge, alikataa kumeremeta na akakataa pia pendekezo langu la kuwaka. Alisema bibi yake angesema kichwa kimeingia mvi, kama nyumba inavyoingia maji mtoni unapofurika. Tulibishana hadi kengele ilipolia, naye hakunipa mji.